Kupata longitudo baharini: kronomita au mwezi?

Swali hili halikomi miongoni mwa wapenzi wa hisabati hapa Nairobi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo jiji letu, lililo karibu nyuzi 37 mashariki mwa Greenwich, hutangulia kwa takriban saa mbili na nusu za jua. Baharia aliyeijua tofauti kama hiyo alijua alipo, mashariki au magharibi; saa ya Greenwich aliipata kwa kronomita, yaani saa sahihi sana ya baharini, au kwa kupima pembe kati ya mwezi na nyota.

Kwa usahihi, kronomita ya fundi saa Mwingereza John Harrison, iliyojaribiwa kwenye safari ya Jamaika mwaka 1761, inashinda. Kosa la sekunde 4 huipotosha meli maili moja tu ya baharini kwenye ikweta, ilhali kukosea dakika moja ya pembe (sehemu ya 60 ya nyuzi moja) kati ya mwezi na nyota huzaa takriban maili 30. Kwa gharama, mwezi ni wa bure, na almanaka (kitabu cha majedwali ya anga) ya mwanafalaki Nevil Maskelyne ya mwaka 1767 ilifupisha hesabu za trigonometria, zilizochosha kweli, kutoka saa kadhaa hadi kama nusu saa. Mawingu, bila shaka, hayakufupishika.

Utunzaji ndio unaonitatiza: saa pekee ikisimama katikati ya bahari, mwezi ndio huirekebisha. Mwenye fedha za kununua kronomita tatu hana haja ya mwezi. Mwenye moja na safari ndefu ajifunze hesabu zake.