Soksi za kubana: uvimbe umepungua, kuzivaa ndo kasheshe

Aisee mi kazi yangu ni kusimama kutwa, ikifika jioni miguu imevimba, ukibonyeza kidole juu ya kifundo kinabaki kishimo. Nikaagiza soksi za kubana, zile za 15-20 mmHg (kipimo cha nguvu ya kubana), wiki ya tatu hii na kile kishimo sikioni tena. Zinabana zaidi kwenye kifundo halafu zinalegea kadiri zinavyopanda, ndo damu inasukumwa kurudi juu na maji hayatuami chini. Nazipa nyota nne.

Ile moja nimeikata kwenye kuvaa, yani ni kupigana, unazigeuza nje ndani mpaka kisigino ndo uanze kuvuta, tena asubuhi mapema, maana ukisubiri mguu uvimbe unakuwa kama mlango wa mbao kipindi cha mvua, umenyonya unyevu umetanuka kwa upana (kwa urefu mbao haitanuki sana) na fremu inaukataa, sasa mlango utaupiga randa, mguu je? Ukingo wa juu nao ukijikunja unakata.

Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na unauma, achana na soksi wahi hospitali, huenda damu imeganda ndani.