Wakili aliyetusimamia rufaa ya kiwanja: nyota 4 kati ya 5

Kabla sijamsifia huyu mama wakili niwaambie kwanza tulikotoka maana ndo kuna funzo kubwa.

Jirani alisogeza uzio kwenye kiwanja cha marehemu baba kule Chanika, tukaenda baraza la kata usuluhishi ukashindikana, tukafungua kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, tukashindwa. Baba mdogo akasema kuna kijana anashinda pale nje getini kwa baraza na begi la mafaili, watu wote wanamwita wakili. Yule kijana hakufungua hata ukurasa mmoja wa hukumu, akasema "hii tunashinda asubuhi na mapema", akachukua laki 4 ya kufungua rufaa, risiti hakuna. Wiki nne nzima naambiwa mara hakimu kasafiri mara faili linachapwa, na rufaa ya ardhi kutoka wilayani inaenda Mahakama Kuu kwa jaji, sio hakimu, lakini sisi tungejuaje. Nikamwambia basi nitumie kontroo namba uliyolipia, ile namba ya malipo ya serikali, maana ada ya mahakama inalipwa kwa kontroo namba haipokelewi mkononi na mtu. Akazima simu. Mdogo wangu akaingia e-Wakili, ule mfumo wa Mahakama, unaandika jina unaona kama mtu ni wakili kweli na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Hayupo. Na muhuri alikuwa nao jamani! Muhuri unachongwa popote.

Sasa huyu mama. Ofisi yake iko Kinondoni, chumba kimoja na karani mmoja, hakuna makochi ya kutisha. Jina lake tulishaliangalia kabla ya kwenda. Nikaanza kumhadithia toka baba anavyonunua kiwanja, akanisikiliza kidogo halafu akasema "dada nipe kwanza hukumu". Akaigeuza mpaka ukurasa wa mwisho penye tarehe, akachukua penseli akasimama kwenye kalenda ya ukutani akaanza kuhesabu siku moja moja. Rufaa ni siku 45. Akageuka akasema "zimebaki 17, mngechelewa tungeanza kuomba kuongezewa muda na hapo hakuna uhakika". Nilikaa kimya, baba mdogo akainamisha kichwa.

Alibaki na makaratasi siku mbili ndo akataja bei: milioni moja na nusu kwa awamu tatu, na makubaliano yakaandikwa, ada yake mbali, ada ya mahakama mbali. Mkataba aliuandika kwa Kiswahili, kila kipengele akamsomea mama yangu. Halafu akatuambia wazi udhaifu wetu uko wapi, kwamba shahidi wetu wa mpaka alijichanganya kwenye vipimo na kwenye rufaa hatuwezi kuleta maneno mapya kirahisi rahisi. Hakuahidi ushindi. Baba mdogo hakupenda, alitaka asikie tunashinda, mi ndo palepale nikasema huyu huyu.

Siku ya kumi na moja nikapata kontroo namba kwenye simu nikalipa mwenyewe, nakala yenye muhuri wa mahakama nikaifuata kesho yake.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya simu. Unapiga hapokei, meseji anajibu saa 3 usiku, na kama una mgonjwa wa presha ndani ya nyumba anayesubiri habari hilo linaumiza sana. Karani wake angeweza kujibu tu "yuko mahakamani" tukalala. Pia ofisi iko ghorofa ya tatu hakuna lifti, mama alipanda kwa kupumzika kila ngazi chache.

Kama huna kabisa hela usiende kwa wale wa getini, nenda TAWLA, kile chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu uulizie msaada wa kisheria, wapo kwa ajili ya watu kama sisi.

Rufaa yetu imepangwa kutajwa mwezi ujao, na safari hii barua ya wito nimeishika mwenyewe mkononi.