Kupata makazi Gerupuk, kusini mwa Lombok: njia tano, kuanzia ninayoipendekeza hadi ya kukimbiwa

Gerupuk ni kitongoji cha wavuvi wa Kisasak katika pwani ya kusini ya kisiwa cha Lombok, Indonesia, mashariki ya mji mdogo wa Kuta. Mbele ya nyumba kuna ghuba yenye vizimba vya kamba-koche na mashamba ya mwani, na vyombo vinavyovutwa mchangani, jukung, Mzanzibari angeviita ngalawa bila kuuliza. Adhana inatoka kila upande na Maulidi ni karamu kubwa ya kijiji kizima. Ndiyo maana Mswahili akifika huku, iwe kwa ndoa, kwa masomo au kwa urafiki ulioanzia kazini nchi za Kiarabu za Ghuba, haoni ugeni, na hachelewi kuulizia kiwanja.

Kabla ya bei, uliza unaruhusiwa kununua nini. Sheria ya Ardhi Na. 5 ya 1960, inayojulikana kwa kifupi UUPA, inatoa Hak Milik, yaani umiliki kamili usio na ukomo, kwa raia wa Indonesia peke yao. Mtanzania hana sababu ya kushangaa, maana Sheria yetu ya Ardhi Na. 4 ya 1999 nayo haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya 2010 inamwekea mgeni kikomo cha miaka 99. Kwa hiyo mgeni Gerupuk hanunui ardhi, ananunua miaka ya kuitumia. Orodha yangu yote imejengwa juu ya hilo.

Kijiji kinaishije

Usiku ghuba inajaa taa. Ni machelezo ya kutegea vitoto vya kamba-koche. Wavuvi hukunja karatasi za mifuko ya saruji kwa umbo la kipepeo, wakazifunga safu safu kwenye wavu na kuushusha chini ya taa. Vitoto vyenyewe, vidogo na vyenye mwili unaopitisha mwanga, hunasa kwenye mikunjo. Alfajiri vinahesabiwa kimoja kimoja na kuuzwa. Ni biashara inayotegemea kalamu ya waziri: kusafirisha vitoto hivyo nje kulipigwa marufuku 2016, kukaruhusiwa 2020, kukafungwa tena 2021 baada ya waziri wa uvuvi kukamatwa kwa rushwa, na 2024 kanuni zikabadilishwa upya. Familia iliyokatikiwa na kipato huwa na haraka ya kukodisha ardhi. Usiitumie haraka hiyo kumbana mtu bei, kwa sababu ndiye utakayekuwa jirani yake kwa miaka 25.

Nguvu ya pili ni Mandalika, eneo maalumu la kiuchumi lenye zaidi ya hekta 1,000, linaloanzia Kuta na kuelekea mashariki. Lilianzishwa kisheria 2014, na Machi 2022 mbio za pikipiki za MotoGP zilikimbizwa humo. Barabara zimekuwa nzuri na uwanja wa ndege wa Praya hauko mbali. Bei za ardhi nazo zimepanda, na migogoro imepanda pamoja nazo. Hakikisha kiwanja unachoonyeshwa hakimo ndani ya mpaka wa eneo hilo.

Zahanati na vituo vya afya vipo karibu, ila hospitali kubwa ziko Mataram, mwendo wa saa nzima au zaidi. Ukiwa na mzee au mgonjwa wa kudumu nyumbani, anza hesabu yako hapo.

1. Hak Sewa: kukodi nyumba au kiwanja kwa miaka 25 hadi 30

Hii naiweka ya kwanza kwa mgeni yeyote asiye na mwenza raia. Unalipa mara moja, mwanzoni, kwa miaka yote. Bei hutajwa kwa *are*, yaani mita 100 za mraba, kwa mwaka, kwa hiyo sikiliza vizuri kabla hujafurahia tarakimu ndogo.

Usianze na miaka 25. Panga nyumba kwa mwaka mmoja kwanza, ili ukione kijiji wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Kusini mwa Lombok ni kukavu. Kuanzia Mei hadi Oktoba hivi visima vya karibu na ufuko huwa na maji ya chumvi, na watu wananunua maji kwa boza. Nyumba iliyokupendeza Februari unaweza usiitake Septemba.

Mahali pa kutafuta ni nyuma ya kijiji, kwenye mwinuko, penye njia inayotambulika kwenye ramani na mahali pa kuchimba kisima au kujenga tangi kubwa. Mstari wa mbele wa bahari naushauri uache. Sababu ya kwanza ni ya kisheria: Kanuni ya Rais Na. 51 ya 2016 imeweka ukanda wa pwani wa mita 100 kwenda bara kutoka alama ya maji makuu, na kujenga humo ni kujenga kwa wasiwasi. Julai 2025 vibanda vya ufuko wa Tanjung Aan, kati ya Kuta na Gerupuk, vilibomolewa, na mwezi huohuo kisiwa jirani cha Bali kikabomoa majengo ya ufuko wa Bingin. Sababu ya pili ni bahari yenyewe. Agosti 1977 tetemeko la kusini mwa kisiwa cha Sumba lilileta tsunami iliyopiga visiwa vya Sumbawa na Lombok. Agosti 2018 matetemeko ya kaskazini mwa Lombok yaliua zaidi ya watu 500, wengi wakiangukiwa na kuta za matofali zisizo na nondo. Ukikodi nyumba iliyokwisha kujengwa, muulize fundi aliyeijenga aliweka nguzo na mkanda wa zege wapi, na akuonyeshe kwa kidole.

Sasa karatasi, na hapa ndipo penye kazi. Cheti halali ni *sertifikat* ya Hak Milik kwa jina la mwenye ardhi, na uhalisi wake unahakikiwa ofisi ya ardhi ya wilaya, BPN, iliyoko Praya. Programu ya simu ya BPN, Sentuh Tanahku, inakuonyesha kiwanja kwenye ramani, lakini usiishie hapo. Karatasi za zamani za kodi, *pipil* au *girik*, bado zinazunguka mikononi mwa watu. Kwa Kanuni ya Serikali Na. 18 ya 2021, tangu Februari 2026 hazihesabiwi tena kuwa ushahidi wa haki, zinabaki kielelezo tu wakati wa kusajili. Mwenye *pipil* asajili kwanza, nawe ulipe baadaye.

Kisha uliza: ardhi ni ya nani kwa urithi? Wasasak ni Waislamu, na kiwanja cha marehemu kina warithi kama kilivyo kwetu. Ugumu wa huku ni kwamba Lombok hupeleka vijana wengi kufanya kazi Malaysia, hasa kwenye mashamba ya michikichi. Kaka aliyebaki nyumbani anasaini, kaka aliye Malaysia hajui lolote, na siku akirudi ana haki yake kamili. Dai majina ya warithi wote, na kwa aliye nje dai hati ya uwakilishi iliyopitia ubalozi au ubalozi mdogo wa Indonesia huko aliko. Nenda pia kwa *kadus*, ambaye kwetu ni mwenyekiti wa kitongoji, ukakae naye chini. Msalimie kwa "Pak", kunywa kahawa utakayopewa, halafu uliza jirani wa kila upande ni nani. Mtembee pamoja mpakani, jiwe kwa jiwe, majirani wakiwepo.

Mkataba uandikwe kwa mthibitishaji, *notaris*, kwa Kiindonesia, kwa sababu sheria ya 2009 inataka hivyo. Nakala ya lugha unayoielewa iwe pembeni. Kifungu cha 1576 cha Sheria ya Madai kinakulinda: ardhi ikiuzwa, mkataba wako hauvunjiki. Kodi ya serikali ya asilimia 10 kwenye pango ni ya mwenye ardhi, lakini waandishi wengi wa mikataba humsukumia mpangaji, basi iandikwe wazi nani analipa. Kipengele cha kuongeza muda kisisemwe "kwa bei ya soko". Wekeni kanuni ya kukokotoa sasa hivi, mkiwa bado mnapendana.

Hak Sewa haipandi thamani mikononi mwako. Kila mwaka unaopita ni mwaka uliopungua, na mkataba uliobakiwa na miaka 10 hauuziki kirahisi. Anayetaka kuweka akiba apeleke fedha zake kwingine. Njia hii ni ya anayetaka kuishi.

2. Hak Milik kwa jina la mwenza wako raia

Kama mume au mke wako ni Mwindonesia, njia hii inapanda na kuwa ya kwanza, kwa sharti moja tu: muwe na mkataba wa kutenganisha mali. Bila huo, mali ya ndoa ni yenu wote wawili, na sehemu yako wewe mgeni inaipotezea ardhi sifa ya Hak Milik. Zamani mkataba huo ulilazimika kufungwa kabla ya nikaha. Uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa kesi namba 69/PUU-XIII/2015 umeruhusu ufungwe hata ndani ya ndoa. Hati ya mauzo inatengenezwa na afisa wa hati za ardhi, PPAT, na mnunuzi hulipa ushuru wa hadi asilimia 5, muuzaji asilimia 2.5.

Elewa maana yake: ardhi ni ya mwenza wako, si yako. Akitangulia mbele ya haki, unachorithi kama mgeni lazima ukiachie ndani ya mwaka mmoja. Kama mna watoto wenye uraia wa Indonesia, zungumzeni urithi wao mapema, kwa uwazi, na wakwe wakisikia.

3. Hak Pakai: haki ya kutumia ardhi

Kwenye karatasi ni nzuri kuliko Hak Sewa: haki iliyosajiliwa, miaka 30, ikiongezwa 20, ikihuishwa 30, jumla 80. Lakini mgeni anaruhusiwa nyumba moja tu, na lazima ifikie bei ya chini iliyowekwa kwa kila mkoa. Bali ni rupia bilioni 5, kama dola laki tatu za Marekani. Baadhi ya mikoa viwango viko chini ya hapo, ila bado ni vya jumba la kitalii. Nyumba ya kawaida ya kijijini Gerupuk haifiki, na ndiyo maana njia hii nzuri imeshuka hadi hapa.

4. Kampuni ya kigeni, PT PMA

Kampuni iliyosajiliwa Indonesia inaweza kupata Hak Guna Bangunan, haki ya kujenga, kwa miaka 30, 20 na 30. Inataka mpango wa uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10, thamani ya ardhi na majengo kwa kawaida ikiwa kando, pamoja na taarifa za mara kwa mara kwa mamlaka ya uwekezaji. Ni kwa wenye nia ya kweli ya kuendesha nyumba za wageni. Kufungua kampuni kwa ajili ya chumba chako cha kulala ni gharama isiyo na faida na ni kujitafutia maswali ya uhamiaji.

5. Jina la kuazima

Hii ndiyo utakayopendekezewa kwanza, na kwa upole: nunua Hak Milik kwa jina la rafiki, dereva au dalali, kisha mwandikiane pembeni kwamba fedha ni zako. Kifungu cha 26 cha UUPA kinasema kila muamala unaompitishia mgeni Hak Milik, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili. Ardhi inaangukia kwa serikali na malipo yaliyofanyika hayarudishwi. Karatasi zenu za pembeni hazikusaidii mahakamani, maana ndizo zenyewe zinazoonyesha kosa. Hata rafiki akiwa mwaminifu kabisa, watoto wake hawakuahidi chochote, na cheti kina jina la baba yao. Dalali akikwambia "kila mtu hufanya hivyo", mwambie akuandikie Hak Sewa badala yake, kwa kiwanja hichohicho. Akikataa, ondoka.