Sindano ya ganzi ya mgongoni leba, naipa nyota 4 kwa 5

Jamani mnaouliza kuhusu epidurali, yaani hiyo sindano ya ganzi ya mgongoni ya kupunguza uchungu wa kujifungua, mimi nilichomwa na ningechomwa tena. Kwanza wanakutia ganzi kwenye ngozi kwa kisindano kidogo, hicho ndo kinauma, halafu wanapitisha kamrija kembamba kiunoni dawa iwe inaingia mpaka mtoto atoke. Kazi iko kwenye kukaa umejikunja bila kutikisika na huku uchungu unakuja, nesi nilimng'ang'ania mkono hadi nikamwonea huruma. Baada ya kama dakika 20 hivi ikashika, nikabaki nasikia tumbo linabana tu, nikapitiwa hadi na usingizi, nani analala leba jamani!

Nyota moja nimeitoa kwa sababu miguu ilikuwa mizito siwezi kutembea, wakaniwekea mpira wa mkojo, nikatetemeka na kuwashwa mwili, na kusukuma kulichukua muda. Presha nayo inaweza kushuka ndo maana wanakupima kila mara. Daktari wa usingizi alinieleza yote kabla, hapo sina neno. Ila uiombe mapema, ukichelewa sana mtoto anakuwa ashafika mlangoni, na kama damu yako haigandi vizuri waambie mapema sana.