Kufutiwa rekodi au kuomba msamaha?

Nchini Marekani, angalia kwanza ni mahakama ipi iliyokuhukumu. Hukumu ya kosa kubwa ya mahakama ya jimbo huweza kufutwa kwa ombi mahakamani hapohapo, sheria ya jimbo ikiruhusu. Michigan huruhusu hadi makosa makubwa 3. Tunza nakala ya amri iliyogongwa muhuri: kampuni za ukaguzi wa waajiriwa mara nyingi hubaki na data ya zamani.

Hukumu ya shirikisho, yaani ya mahakama ya serikali kuu ya Marekani, kwa kawaida haina njia hiyo. Kuna msamaha wa rais, unaoombwa miaka 5 baada ya kutoka gerezani. Gavana hana mamlaka hapo. Msamaha haufuti rekodi. Ila kwa mhamiaji una uzito zaidi, kwani idara ya uhamiaji huendelea kuihesabu hukumu iliyofutwa.