Bata wa kwenye viatu amefanya kazi, vingine mh!

Nimeitumia seti hii ya kumfundisha mtoto kulia na kushoto wiki 9, kwa mtoto wa miaka mitano na nusu, pamoja na dada yake wa miaka minane ambaye hakuwamo kwenye mpango ila alijiingiza mwenyewe. Ndani ya boksi utakuta bangili mbili za mpira laini, nyekundu na buluu, kadi 24 za picha, mkeka wa plastiki uliochorwa nyayo, karatasi ya maelekezo, na stika za kubandika ndani ya viatu. Kama stika zingeuzwa peke yake ningenunua stika tu na kwenda zangu.

Kilichonifanya niitafute ni neno moja. Kila nikimwambia mwanangu "leta mkono wa kulia", jibu lake lilikuwa "Mama, mimi silii." Mwanzoni nilidhani ananitania. Siku moja tukiwa na haraka mlangoni nikamwambia "haya, mguu wa kulia kwanza", akakunja uso, akajiliza kidogo kama mtu anayetimiza wajibu, halafu akanyoosha mguu wowote uliokuwa karibu. Lugha yetu imetutega hapo. Kulia ni upande na kulia ni machozi, na mtoto wa umri ule machozi anayajua vizuri zaidi. Nikajaribu "mkono wa kuume" kama wasemavyo wazee. Akaniuliza unauma wapi.

Ukimwambia ni mkono wa kulia chakula, au ule wa kuandikia, kama karatasi ya maelekezo inavyoshauri, umemsaidia mtoto mmoja na kumpoteza mwingine. Mimi nina shoto. Takriban mtu mmoja kati ya kumi yuko kama mimi, na waliotengeneza seti hii hawakutukumbuka hata kwa sentensi moja. Karatasi hiyo hiyo inafundisha mbinu ya kunyoosha kidole gumba na cha shahada ili mkono wa kushoto uchore herufi L. Mbinu hiyo ni ya watu ambao neno lao la kushoto linaanza na L, kama Waingereza na "left" yao. Kwetu L imo ndani ya kulia! Mwanangu alipogeuza viganja kujitazama, L iliyonyooka ikatokea mkono wa kulia, akafurahi, akasema "L ya kulia." Sikuwa na la kumjibu. Karatasi nikaikunja.

Bangili ni nzuri kwa mkono, hazibani na hazimwashi. Nyekundu kulia, buluu kushoto. Siku tatu za kwanza nikajiona mwalimu hodari, maana kila nikiuliza alijibu bila kusita. Siku ya nne baada ya kuoga alizivaa mwenyewe, akazibadilisha, na hakuna aliyegundua. Tulishinda siku nzima tukisifiana, yeye anajibu "huu nyekundu, kulia" na mimi nikiitikia kwa kuangalia rangi, si mkono. Jioni dada yake ndiye aliyeuliza mbona kulia kumehamia kwenye jino lililong'oka. (Pengo lake liko upande wa kushoto, yule msichana anakumbuka vitu kwa mapengo.) Kesho yake nikamvua bangili zote mbili nikamuuliza tena. Akatazama viganja vitupu, mmoja, mwingine, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amejifunza rangi, upande hakuujua hata kidogo.

Kama umeshanunua, usizitupe. Mvalishe moja tu, mkono wa kulia, kisha mfundishe upande huo peke yake, na kushoto kuwe "ule mwingine" kwa muda. Ukimpa mtoto majina mawili siku moja anabaki na majina mawili yasiyo na wenyewe. Sisi tulipoacha buluu ndipo mambo yakaanza kusogea. Baadaye hata nyekundu hatukuihitaji, kwa sababu tuligundua ana alama ndogo nyeusi chini ya kidole gumba cha kulia, amezaliwa nayo, haivuliwi wakati wa kuoga.

Kadi ndizo zilizonikera. Karibu zote zina mtoto aliyechorwa akikutazama, ameinua mkono, na chini imeandikwa "Ameinua mkono gani?" Jibu la nyuma ya kadi ni mkono wa mtoto wa kwenye picha, si upande wa anayetazama. Ni sahihi, lakini kwa nani? Boksi linasema miaka 3 na kuendelea. Jean Piaget, yule Mswisi aliyekuwa akiwahoji watoto tangu miaka ya 1920, aliuliza jambo hili hili: nionyeshe mkono wako wa kushoto, haya, sasa nionyeshe wangu, naye ameketi akimtazama mtoto. Wadogo waliweza kuonyesha wa kwao. Wa mtu anayewaelekea waliukosa mpaka walipofika kama miaka minane. Kwa hiyo mwanangu "alikosea" kadi 15 mfululizo huku akijua mkono wake vizuri kabisa, na mimi kama mjinga nikawa namsahihisha. Alipoanza kubahatisha nikaziondoa.

Dada yake alizipenda. Alikuwa akisimama, anaipa kadi mgongo, anainua mkono wake kama wa kwenye picha, ndipo anajibu. Hakuna aliyemfundisha. Basi kadi hizi zina mwenyewe, ni mtoto wa darasa la pili au la tatu, na laiti boksi lingesema hivyo.

Mkeka unateleza kwenye sakafu ya vigae. Weka taulo chini yake au usiutumie. Una faida moja ambayo nadhani waliotengeneza hawakuikusudia: ni mpana wa kutosha watu wawili kusimama ubavu kwa ubavu. Nilikuwa nimezoea kumfundisha nikiwa mbele yake, nainua mkono wangu wa kulia, naye kwa akili zake timamu anainua ule ulioko upande huo huo, yaani wa kushoto. Wanaofundisha watoto kucheza ngoma au mazoezi wanalijua hili, ndiyo maana wengine huwapa watoto mgongo au huinua mkono wa kinyume makusudi. Tuliposimama sambamba tukitazama ukuta mmoja, fujo ikapungua. Siku moja nikajisahau nikahamia mbele, nikasema "inua wa kulia." Akasita. "Kulia kwako au kwangu?" Hapo nilimkumbatia, mazoezi yakaishia hapo.

Sasa stika. Ni bata mmoja aliyekatwa katikati, kichwa na shingo kiatu kimoja, mkia kiatu kingine, unabandika kwenye soli ya ndani karibu na ukingo unaokutana na mwenzake. Ukipanga viatu sawasawa unapata bata mzima. Ukivikosea, kichwa kinatazama huku na mkia uko kule, na hakuna mtoto anayeweza kuvumilia bata wa namna hiyo. Wangu alikuwa akipiga magoti mlangoni kumuunganisha bata hata siku ambazo hatuendi popote. Kabla ya hapo tulikuwa tukigombana kila asubuhi, anatoka na viatu vimetazama nje kama watu waliokosana.

Lakini wiki ya pili akatoka vilevile, viatu vimekosana, huku akiapa kuwa bata alikuwa mzima. Nikamwambia rudia nione. Akavipanga, bata akakamilika, ila ncha za viatu zilikuwa zinamtazama yeye! Bata alikuwa kichwa chini miguu juu, mzima kabisa. Akaketi, akachukua kilichokuwa mbele ya mguu huu akavaa mguu huu. Ni yale yale ya kadi, kiatu kinachokutazama kimegeuza pande. Tukaongeza sheria moja, "bata asimame, viatu vitazame mlango", na tangu siku hiyo amekosea mara mbili tu. Maelekezo hayasemi neno juu ya hilo.

Stika hazimfundishi neno kulia, hilo lieleweke. Zinamfundisha kuvaa viatu. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi, kwa sababu sasa nikisema "kile chenye mkia ni cha kulia" anajua ninazungumzia kitu gani, na machozi hayamo.

Boksi linadai pia kwamba seti itamzuia mtoto kuchanganya b na d. Watoto wengi wanaoanza kuandika huzigeuza herufi hizo, na wengi huacha wenyewe wakizoea. Sioni bangili inaingiaje. Na kama wewe mzazi unachanganya, usione haya kucheza naye, mimi hadi leo nikimwelekeza mtu njia mkono unaonyesha sahihi na mdomo unasema kinyume.

Nyota tatu, mbili na nusu zikiwa za bata. Nimepunguza nyingine kwa sababu gundi iliachia wiki ya sita, kichwa kikaanza kutoka na soksi. Nilichora mwingine kwa kalamu ya wino usiofutika, nusu huku nusu kule. Mwanangu anasema ni kobe, lakini anamuunganisha.