Prosesa ya kompyuta ya sebuleni: ipoe, inyamaze, isile umeme

Kompyuta inayokaa chini ya TV haina kazi kubwa kama wengi wanavyodhani. Filamu ya 4K ikichezwa inavyotakiwa, viini vya prosesa karibu vinalala. Kazi inafanywa na kisimbuzi cha video, kipande kidogo kilichomo kwenye sehemu ya michoro ya chipu ileile. Kisimbuzi kikiutambua mtindo wa video yako (namna ilivyobanwa, kama H.264 au AV1), kompyuta ndogo nzima inaweza kula wati 10 hivi na usisikie feni. Kisipoutambua, mzigo wote unaangukia viini: joto linapanda, feni inavuma katikati ya maongezi ya filamu, na mara nyingi picha inakwamakwama vilevile. Kwa hiyo weka kando gigahezi na idadi ya viini kwa muda, uulize kwanza chipu hii inasimbua nini.

Mitindo ya video na vizazi vya chipu

H.264 inasimbuliwa na karibu kila chipu utakayoikuta sokoni. HEVC ya biti 10 ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya filamu za 4K zenye HDR (mwangaza na rangi pana zaidi). VP9 na AV1 ni za kutazama mtandaoni. YouTube inatumia zote mbili, na AV1 inazidi kuenea kila mwaka.

Kwa Intel, HEVC na VP9 za biti 10 zinasimbuliwa kuanzia kizazi cha 7. AV1 ilianza na kizazi cha 11: kwenye laptopu mwaka 2020, kwenye kompyuta za mezani mwaka 2021. Kwa AMD, AV1 ilikuja na michoro ya RDNA 2, yaani Ryzen 6000 za laptopu na Ryzen 7000 za mezani. Hapa kuna mtego. Ryzen 5 7530U ina namba ya 7000 lakini michoro yake ni Vega ya zamani, haisimbui AV1. Ryzen 3 7320U ni dhaifu zaidi kwa kazi za kawaida, ila AV1 inaiweza. Ukinunua AMD, soma jina la michoro, usiishie kwenye jina la prosesa.

Wapenzi wa katuni za Kijapani wajue jambo moja: mafaili mengi ya zamani ya katuni hizo ni H.264 ya biti 10, na hakuna chipu hata moja katika orodha iliyo hapa chini yenye kisimbuzi cha mtindo huo. Zitachezwa na viini. Kwa 1080p, viini vinne vya kisasa vinatosha.

Wati zilizoandikwa na wati zinazoliwa

TDP, yaani wati zilizoandikwa kwenye maelezo ya prosesa, si kiasi cha umeme unachokula kila saa, wala si kikomo kisichovukwa. Core i3-12100 imeandikwa wati 60, lakini Intel inairuhusu kufika 89 ikibanwa na kazi. Ndugu yake i3-12100T imeandikwa 35 na kilele chake ni 69. Zikiwa zinacheza filamu kupitia kisimbuzi, zinakula karibu sawa, maana hakuna inayokaribia kikomo chake. Kama unajijengea mwenyewe, herufi T haistahili kulipiwa zaidi: nunua ya kawaida, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya bao mama), weka PL1 (kikomo cha muda mrefu) kwenye wati 35 na PL2 (cha muda mfupi) kwenye 69, utapata tabia inayokaribiana nayo. T ina maana pale unaponunua kompyuta ndogo iliyokwisha kuundwa, yenye nafasi finyu ya kupoza.

Kinachokula umeme bila watu kukishuku ni pawa saplai. Ya wati 650 ikibeba mzigo wa wati 20 inafanya kazi kwenye asilimia 3 ya uwezo wake, sehemu ambayo ufanisi wake ni mbovu. Beji ya ufanisi ya 80 Plus Gold haisaidii hapo, kwa sababu vipimo vyake vinaanzia mzigo wa asilimia 20. Adapta ya nje kama ya laptopu, yenye wati 60 hadi 120, inafaa zaidi, tena haina feni.

Piga hesabu kabla ya kuhangaika, lakini. Wati 1 mwaka mzima ni uniti 8.76 za umeme. Tofauti ya wati 30 kati ya kompyuta mbili, ukitazama saa 4 kwa siku, ni uniti 44 hivi kwa mwaka. Mashine ikiwa haizimwi kabisa kwa sababu inahudumia nyumba nzima, tofauti hiyohiyo inakuwa uniti 263. Mwenye mashine hiyo isiyozimwa ndiye mwenye sababu ya kubana kila wati.

1. Intel N100

Kwa mtu anayetaka kutazama tu, hii ndiyo ya kununua. Ilitoka mwanzoni mwa 2023: viini vinne, mwendo wa hadi 3.4 GHz, TDP ya wati 6, na inasimbua H.264, HEVC ya biti 10, VP9 na AV1. N150 iliyoifuata ni chipu hiyohiyo kwa vitendo, ikifika 3.6 GHz, chukua yoyote utakayoipata kwa bei nafuu. RAM inapita kwenye chaneli moja tu, kwa hiyo kipande kimoja cha GB 8 kinatosha, GB 16 ikiwa pia utaendesha seva ya Jellyfin (programu ya kusambaza filamu zako kwa vifaa vingine vya nyumbani). Kazi hiyo inaimudu vizuri kuliko umbo lake linavyoonyesha, kwa sababu ina vifaa vya Quick Sync vya kubadilisha filamu ya 4K kuwa 1080p bila kuvisumbua viini.

Tatizo haliko kwenye chipu, liko kwa wanaoifunga. Watengenezaji wengi wa kompyuta ndogo wanapandisha kikomo hadi wati 15 au zaidi ili namba za majaribio zipendeze, kisha wanaweka feni ndogo inayolia kama mbu. Tafuta PL1 kwenye BIOS, ishushe hadi kati ya wati 6 na 10, halafu uone kama kuna unachokikosa. Kwa video hutakosa kitu. Kama BIOS imefungwa na feni ni ya kelele, rudisha.

Anayejenga mwenyewe ana bao mama zenye chipu hii tayari na bapa la kupozea lisilo na feni. ASRock N100DC-ITX inapokea umeme wa volti 19 moja kwa moja kutoka adapta ya laptopu, na ASUS Prime N100I-D D4 inatumia pawa saplai ya kawaida. Ya kwanza inafaa zaidi kwa sebule, kwa sababu tuliyoitaja ya mizigo midogo.

Core i3-N305 ni ya ukoo huohuo, yenye viini 8 na wati 15. Inunue ikiwa kompyuta itakuwa na kazi nyingine za kudumu, kwa maana kwa filamu peke yake hutaona tofauti.

2. Intel Core i3-12100

Hii ni ya anayetaka kompyuta kamili sebuleni: kivinjari chenye kurasa nyingi, kuhariri picha, na labda diski kadhaa. Viini vyake vinne ni vya daraja la juu kuliko vya N100, na mitindo ya video inayosimbuliwa ni ileile. Angalia isiwe i3-12100F, ambayo haina michoro kabisa na TV itabaki nyeusi.

Feni inayokuja na boksi inapoza lakini inasikika. Kwenye kasha jembamba, kipozaji cha Noctua NH-L9i-17xx chenye kimo cha milimita 37 kinatosha, hasa ukiweka kikomo cha wati 35. Kwenye kasha refu, NH-P1 haina feni kabisa, ila ina kimo cha milimita 158, kwa hiyo pima kwanza. Hitisinki za soketi za zamani za Intel haziingii hapa bila vishikizo vipya, kwa sababu matundu ya LGA1700, soketi ya prosesa hii, yamepanuliwa.

Kosa linalowaumiza wengi ni tundu la HDMI. Prosesa inaweza kutoa 4K kwa 60 Hz, lakini baadhi ya bao mama za bei ya chini zina HDMI 1.4, na hiyo kwa 4K inaishia 30 Hz. Fungua karatasi ya maelezo ya ubao wenyewe uhakikishe imeandikwa HDMI 2.0 au 2.1. Muuzaji akikuambia "inatoa 4K", bado hajakujibu.

3. AMD Ryzen 5 8500G au 8600G

Hizi ni za mwenye watoto, au mwenyewe, wanaotaka kucheza gemu kwenye TV hiyohiyo. Michoro ya Radeon 760M iliyomo kwenye 8600G ina nguvu zaidi ya mbili zilizotangulia, na AV1 ipo. TDP ni wati 65, lakini inashushwa hadi 45 kwenye BIOS, na kwa sebule fanya hivyo siku ya kwanza. Weka vipande viwili vya RAM ya DDR5, si kimoja, kwa maana michoro ya ndani inakopa RAM hiyo na chaneli moja inaibana koo.

Wenye kutumia Linux na TV ya 4K kwa 120 Hz wafikirie mara mbili: mwaka 2024 HDMI Forum, chombo kinachosimamia HDMI, kilikataa HDMI 2.1 iwekwe kwenye draiva huria ya AMD. Kwa filamu haidhuru, 60 Hz inatosha.

4. Kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika

ThinkCentre Tiny, OptiPlex Micro na EliteDesk Mini zenye chipu kama i5-8500T zimeundwa kwa uimara, na kupoza kwake kumefikiriwa. Zinasimbua HEVC na VP9 za biti 10. AV1 hapana, kwa hiyo YouTube ikikuletea AV1 kwa 4K utasikia feni. Michoro yake, UHD 630, inatoa HDMI 1.4 pekee moja kwa moja. Ili upate 4K kwa 60 Hz utahitaji kutoka DisplayPort kupitia adapta yenye chipu ndani. Adapta rahisi zisizo na chipu hazitafanya kazi hiyo. Badilisha grisi ya prosesa na puliza vumbi kabla ya kuilaumu kwa kelele, maana iliyokaa ofisini miaka mitano huwa imeziba.

5. Raspberry Pi 5

Hii ni kompyuta nzima kwenye ubao mmoja mdogo. Inakula umeme kidogo na inasimbua HEVC ya 4K kwa 60 Hz. Lakini haina kisimbuzi cha H.264 wala AV1, hizo zinabebwa na viini. Kwa mwenye maktaba ya HEVC na LibreELEC (mfumo mwepesi wa kuendesha programu ya filamu ya Kodi) ni chaguo zuri. Kwa anayeishi YouTube, N100 ni bora kwa mbali.

Ryzen 5 5600G ni prosesa nzuri iliyoachwa nje kwa sababu moja: michoro yake ya Vega haina AV1. Celeron J4125 na N5105 zimeachwa kwa sababu hiyohiyo. Usijaribu kuziba pengo kwa kadi ya michoro ya Radeon RX 6400 au 6500 XT. Nazo hazisimbui AV1, na utakuwa umeongeza feni nyingine. Diski za Blu-ray za 4K zina habari yake: programu zenye leseni za kuzichezea zilitegemea SGX (sehemu ya ulinzi ndani ya prosesa), ambayo Intel iliiondoa kwenye prosesa zake za kawaida kuanzia kizazi cha 11. Nunua deki ya diski, usinunue prosesa kwa ajili hiyo.

Kupoza bila kelele

Sikio linazoea mvumo mmoja wa chini, halizoei feni inayopanda na kushuka. Kwenye BIOS, iache feni kwenye mwendo wake wa chini kabisa hadi nyuzi 60, kisha ipande taratibu, na kama kuna mpangilio wa kuchelewesha mwitikio, weka sekunde kadhaa. Usiogope nyuzi 70: kikomo cha N100 ni 105, cha i3-12100 ni 100, na cha 8600G ni 95. Feni ya milimita 120 inayozunguka polepole inasukuma hewa sawa na ya milimita 40 inayopiga mbio, ila sauti ya ile ndogo ni nyembamba na inakera zaidi.

Kasha lisilo na feni linapoa kwa hewa inayolizunguka. Ukilifungia kwenye kabati la TV lenye mlango, halina pa kupeleka joto, na baada ya saa moja prosesa inajipunguza kasi. Acha sentimita 10 juu na nyuma, na nyuma ya kabati pawe wazi. Diski za kuzunguka zipeleke chumba kingine. Kimya ulichokigharamia kwenye prosesa kinaharibiwa na diski moja inayokwaruza.

Jaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha

Cheza faili la HEVC la biti 10, kisha video ya 4K ya YouTube. Kwenye Windows, fungua Task Manager, sehemu ya GPU, uangalie grafu ya Video Decode: ikipanda huku CPU ikibaki chini, kisimbuzi kinafanya kazi. Ikibaki sifuri, mara nyingi umekosa draiva au kiongezi cha HEVC au AV1 cha Windows. Kwenye YouTube bofya kulia juu ya video, chagua "Stats for nerds": av01 ni AV1, vp09 ni VP9, na hesabu ya fremu zilizodondoka isipande. Kwenye Linux, amri ya vainfo inaorodhesha mitindo, na VAProfileAV1Profile0 lazima iwe mbele ya VAEntrypointVLD. Kwenye Kodi bonyeza O uone jinsi video inavyosimbuliwa, uwashe pia kubadilisha masafa ya TV kufuata video, maana filamu ya fremu 23.976 ikilazimishwa kwenye 60 Hz inatikisika, na lawama inaiendea prosesa isiyo na kosa.

Mwisho, ifungie mahali pake pa kudumu, cheza filamu ya saa mbili, zima sauti katika dakika ya 90, na usikilize ukiwa kwenye kochi.